Mshono wa Karatasi: Uhakiki wa Ramani za Mbeya na Iringa Zinapokutana

Ramani hutazamwa kama picha, lakini imeandikwa kama kitabu. Ina herufi, ina tarakimu, ina kanuni za kufupisha mambo, na ina watunzi waliochagua la kusema na la kunyamazia. Kwa sababu hiyo haifai kuachiwa wapimaji wa ardhi peke yao. Hata jina lake linatukumbusha ujamaa wake na maandishi: neno "ramani" huhusishwa na "rahmani", kitabu ambacho mabaharia wa Ghuba walikitumia kuandikia kwa maneno njia za bahari, nacho kilipata jina lake kutoka Kiajemi, kwa maana ya kitabu cha njia. Ramani ya kwanza ya Mswahili, basi, yaelekea ilikuwa ya kusomwa kabla ya kuwa ya kutazamwa.

Makala haya yanahakiki karatasi za ramani za skeli ya 1:50,000 zinazohusu nchi iliyo kati ya Mbeya na Iringa, pamoja na mipaka yake ya kusini. Yanazihakiki katika hali yake ya sasa, ambapo karatasi zilizochapwa zamani zimenakiliwa, zimeingizwa katika kompyuta, na kuunganishwa ziwe ramani moja. Katika kuunganishwa huko zimeonekana kasoro za namna mbili. Pengine kingo za karatasi mbili hazifikiani, na katikati hubaki nafasi isiyo na nchi. Pengine kingo hizo hupandana, na ukanda mmoja wa ardhi ukachorwa mara mbili, kila mara kwa namna yake. Watumiaji wengi huilaumu kompyuta. Itaonyeshwa hapa kwamba kasoro hizi ni za zamani kuliko kompyuta, na kwamba iliyo kubwa kupita zote ni ya majina. Hiyo imekosa mhakiki kwa muda mrefu, kwa kuwa wapimaji huidhani ni kazi ya wanalugha, na wanalugha huidhani ni kazi ya wapimaji.

Asili ya karatasi

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichora nchi hii kwa skeli ya 1:300,000, kazi iliyosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin. Ilikuwa kazi ya subira kubwa, iliyotegemea sana taarifa za misafara: mahali pasipopita msafara pakabaki peupe. Baada ya Vita ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara maalum ya kupima makoloni yake, iliyobadilishwa jina mwaka 1957 na kuendelea hata ilipounganishwa na idara ya ramani ya Uingereza yenyewe mwaka 1984. Chini ya idara hiyo, na kwa kushirikiana na wapimaji wa Tanganyika na baadaye Tanzania, ndipo ulipozaliwa mfululizo wa karatasi za 1:50,000 uliotokana na picha zilizopigwa kutoka ndege.

Kila karatasi ya mfululizo huo huchukua robo digrii ya latitudo na robo digrii ya longitudo, yaani mraba wa karibu kilometa 27 na nusu kila upande. Lililo muhimu kwa uhakiki huu ni kwamba kila karatasi ilikuwa kazi iliyojitegemea. Ilikuwa na mwaka wake wa picha, mwaka wake wa kuchapwa, na orodha yake ya majina. Pembeni iliachiwa ukingo mweupe, na ukingo ule ulifanya kazi ya adabu: uliwatenga majirani wasioelewana. Aliyetaka kuona karatasi mbili pamoja alikata ukingo kwa mkasi, akazibandika, na pale mto ulipokatika aliuunga kwa kalamu. Jicho la binadamu ni jepesi kusamehe. Kompyuta haisamehi. Ikiambiwa kwamba mto unaishia mahali fulani, itauhesabu kuwa umeishia hapo, hata kama mwendelezo wake uko nusu milimita ng'ambo ya pili. Na nusu milimita ya ramani hii ni mita 25 za ardhi.

Mshono wa tarakimu

Kasoro ya kwanza ni ya tarakimu, nayo itapitwa kwa haraka kiasi, kwani dawa yake inajulikana. Gridi inayotumika imegawanya dunia katika kanda zenye upana wa digrii 6. Ukanda wa 36 huishia kwenye meridiani ya 36 Mashariki, na hapo huanza ukanda wa 37. Meridiani hiyo hupita mashariki ya mji wa Iringa, kwa umbali wa kilometa zipatazo 33, na kuigawa wilaya ya Kilolo pande mbili. Mahali pamoja penye kusimama mtu mmoja, ikiwa ni juu ya mstari huo katika latitudo ya Iringa, pana tarakimu mbili: katika ukanda wa magharibi pako karibu na kilometa 831, na katika ukanda wa mashariki karibu na kilometa 169. Tena gridi hizo mbili hazikuelekea upande mmoja. Kila moja imeinama kuelekea meridiani yake ya katikati, na tofauti ya mielekeo yao hapo ni karibu nane ya kumi ya digrii. Ni kidogo kwa kusikia; lakini karatasi mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu bila kugeuzwa, zikashikizwa pembe moja, pembe nyingine hutofautiana kwa takriban mita 390. Ukishikiza pembe ya upande mmoja unapata pengo lenye umbo la kabari. Ukishikiza ya upande wa pili unapata kulaliana kwa umbo lile lile. Kwa hiyo pengo na kulaliana ni kosa moja lililotazamwa kutoka ncha mbili.

Mbeya haina shida hiyo. Meridiani ya katikati ya ukanda wa 36 ni ile ya 33, nayo hupita karibu na Vwawa, magharibi ya Mbeya. Hapo gridi imesimama wima. Lakini Mbeya ina shida nyingine. Karatasi za Tanzania, kama za Kenya na Uganda, zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Zambia na Malawi zilitumia Arc 1950. Mifumo yote miwili inatumia umbo moja la dunia, lile la Clarke la mwaka 1880, ila hesabu za kuirekebisha minyororo ya pembetatu zilifanywa mbali mbali. Matokeo yake ni kwamba kwenye mpaka wa kusini latitudo na longitudo zile zile haziangukii mahali pamoja. Hutofautiana kwa makumi ya mita. Ama vyombo vya siku hizi vinavyopokea ishara za satelaiti, hivyo hufuata mfumo mwingine wa tatu, ambao katika nyanda hizi unatofautiana na Arc 1960 kwa zaidi ya mita 200. Juu ya karatasi ni kama milimita 4. Tanzania imekwisha kujiwekea mfumo mpya, TAREF11, unaoafikiana na vyombo hivyo, lakini karatasi za zamani hazikujibadilisha zenyewe kwa sababu mfumo umebadilika.

Mshono wa mistari

Kasoro ya pili ni ya mistari ya kontua. Karatasi za mwanzo zilihesabu urefu wa nchi kwa futi, mstari mmoja kila futi 50. Zile za baadaye zilihesabu kwa mita, mstari mmoja kila mita 20. Zinapokuwa jirani, mistari yake haiwezi kukutana, wala haipaswi kukutana. Mstari wa futi 3,400 uko kwenye mita 1,036 na ziada; ulio karibu nao upande wa pili ni wa mita 1,040. Katika mteremko mkali wa Uporoto tofauti hiyo haionekani. Lakini katika tambarare ya Usangu, mahali nchi inapoinuka mita moja kwa kila mita 200, mistari hiyo miwili iko mbali kwa zaidi ya mita 700.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza kuwa mkali. Programu za kuunganisha ramani zina ufundi wa kuvuta mstari wa upande mmoja hata ufikie ule wa upande wa pili. Mtumiaji huweka kiasi cha uvumilivu, hubonyeza, na mshono hutoweka. Matokeo hupendeza. Lakini mstari wa futi 3,400 uliovutwa hata ukawa mwendelezo wa mstari wa mita 1,040 ni uongo uliopigwa pasi. Mhariri wa diwani anayekuta nakala mbili za utenzi zinazotofautiana hana ruhusa ya kutunga mshororo wa tatu ulio kati na kati. Yampasa kuchagua nakala moja, kueleza kwa nini ameichagua, na kuandika chini tofauti ya nakala ya pili. Kanuni hiyo ya wahariri wa maandishi, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi hufundishwa, haijapata nafasi inayostahili katika uhariri wa ramani.

Tena si kweli kwamba kila kulaliana ni kosa. Vipimo vya urefu wa dunia vilivyochukuliwa kwa chombo cha angani mwezi Februari mwaka 2000 vimegawanywa katika vipande vya digrii moja moja. Mbeya imo katika kipande kinachoanzia pembe ya digrii 9 Kusini na 33 Mashariki, na Iringa katika kile cha 8 na 35. Kila kipande kina safu 3,601 ambapo 3,600 zingetosha. Safu ya ziada ni ile ile ya kipande cha jirani, imeandikwa mara mbili kwa makusudi, ili mwenye kuunganisha aweze kuthibitisha kwamba majirani wanasema neno moja. Mwezekaji wa nyumba anaijua hekima hii: nyasi za safu ya juu hulala juu ya safu ya chini, na mahali zisipolaliana ndipo mvua inapopita. Kosa ni kulaliana kusiko na makubaliano.

Mshono wa majina

Picha ya ndege huonyesha mto, mlima na shamba, haionyeshi jina. Jina hutoka kinywani mwa mtu, likasikiwa na mtu mwingine, ambaye mara nyingi hakuwa mzaliwa wa mahali, likaandikwa kwa tahajia aliyoizoea. Kati ya Mbeya na Iringa mpimaji hupita katika nchi za Wasafwa, Wanyakyusa, Wasangu, Wakinga, Wabena na Wahehe. Katika lugha nyingi za eneo hili l na r si sauti mbili zenye kutofautisha maneno. Aliyeandika alichagua moja kwa sikio lake. Hivyo tuna Ruaha, Rungwe, Igurusi na Iringa kwa r, na Ilula, Lupa na Lukosi kwa l, wala hapana kanuni ya lugha za wenyeji iwezayo kueleza mgawanyo huo.

Iringa yenyewe ni mfano mzuri. Jina limetoka katika neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Kiambishi cha ngeli, li-, kimepunguzwa kuwa i-, na l ya shina imegeuzwa r. Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, nayo ilitekwa na Wajerumani mwaka 1894. Mji wa sasa ulijengwa baadaye mahali pengine, ukaichukua sifa ya ngome pamoja nao. Kwa hiyo jina lililo juu ya karatasi limehamishwa mahali, limepoteza silabi, na limebadilishwa sauti. Hakuna kati ya hayo lililo kosa kwa desturi ya Kiswahili, lugha iliyozoea kupokea. Lakini kompyuta ikitafuta "Ilinga" haitaleta Iringa, na mtafiti wa Kihehe atakayetafuta ngome za kale kwa shina lake ataambiwa kwamba hazipo.

Mfano wa pili unaangukia kwenye mshono wenyewe. Milima iliyo mashariki ya Iringa, ambayo meridiani ya 36 huikata, ina tahajia mbili, na zote mbili ni rasmi. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992 inaitwa Milima ya Udzungwa. Msitu wa hifadhi ulio upande wa kusini-magharibi wa safu hiyo hiyo unaandikwa Uzungwa. Tahajia ya kwanza imejaribu kushika sauti ya wenyeji. Ya pili imefuata tahajia ya Kiswahili Sanifu, ambayo haina dz. Kila moja ina hoja yake, na katika karatasi zilizotengana zingeweza kuishi kwa amani. Zinapoingizwa katika orodha moja ya majina, safu moja ya milima huwa mbili. Mwenye kuhesabu misitu ataihesabu kwa majina mawili, na mwenye kutafuta kwa jina moja atapata nusu ya mlima. Hili nalo ni pengo na kulaliana kwa wakati mmoja, ila halipimwi kwa mita.

Kuna kulaliana kwa namna ya kinyume chake, pale jina moja linapofunika vitu viwili. Mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja hupita magharibi ya mji wa Mbeya na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Wa pili hushuka kusini-mashariki hadi Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mwaka 2012 ulifunguliwa uwanja wa ndege uitwao Songwe. Mwaka 2016 uliundwa mkoa uitwao Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya. Na uwanja ule haumo katika mkoa ule. Hali kadhalika Utengule: iko moja katika Usangu na nyingine karibu na Mbalizi, zote zikihusiana na utawala wa Merere wa Wasangu, ambao makao yake yalihamahama kwa vita vya karne ya 19. Historia ya uhamiaji ule imehifadhiwa katika kurudiwa kwa jina. Mhariri wa ramani ambaye angelifuta moja kwa kulidhani marudio angekuwa amefuta ukurasa wa tarehe.

Tena kuna majina yaliyowekwa juu ya majina. Uwanda wa Kitulo, ulioanza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uliandikwa katika ramani za zamani kwa jina la Elton, Mwingereza aliyepita huko mwaka 1877. Milima iliyo mashariki ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ina jina la Livingstone na pia jina la Kipengere, na mpaka kati ya majina hayo hubadilika kwa kila mchoraji. Hata Ruaha, jina lililotokana na neno la wenyeji lenye maana ya mto, limelazimika kupewa sifa za Mkuu na Mdogo ili mito miwili iitwayo Mto itofautishwe. Nyasa nalo ni neno la Kibantu lenye maana ya maji mapana. Mgeni aliuliza jina la ziwa, akajibiwa kwamba ni ziwa.

Maneno yanapokuwa mpaka

Msomaji aweza kuuliza kama haya si mambo ya wanazuoni tu. Jibu liko kwenye mto Songwe wa pili. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 haukuchora mpaka, uliusimulia. Ulisema kwa maneno kwamba mpaka ufuate ufuko wa ziwa hadi mlango wa mto Songwe, upande pamoja na mto huo hadi unapokatwa na digrii ya 33 ya longitudo Mashariki, kisha uendelee. Katika simulizi hiyo fupi zimo kasoro zote tatu zilizohakikiwa hapa. Digrii ya 33 ya Arc 1950 si ya Arc 1960, na zote mbili si ya satelaiti. Mto hubadili njia yake katika bonde la Kyela wakati wa mafuriko, lakini mstari wa karatasi hukaa pale pale picha ilipopigwa. Na jina Songwe lina mito miwili. Ama ziwa, ramani za Tanzania hupitisha mpaka katikati ya maji, na za Malawi huupitisha kwenye ufuko wa mashariki. Kwa hiyo nusu ya maji hayo imo katika ramani za nchi mbili, kwa majina mawili, Nyasa na Malawi. Huko ni kulaliana ambako hakuna programu iwezayo kukuondoa, wala isijaribu.

Mambo hayo hayakuishia mipakani mwa mataifa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka kila kijiji kijulikane mipaka yake kabla ya kupewa cheti. Mipaka hiyo kwa kawaida husimuliwa na wazee kwa majina ya vijito, vilima, miti na njia, kisha hutiwa katika tarakimu. Katika Usangu, ambako Hifadhi ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964 ilipanuliwa mwaka 2008 kwa kuongezewa Pori la Akiba la Usangu, hata ikawa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 20,000, mkulima wa mpunga na mfugaji wamejua kwa uchungu maana ya mstari. Kipande chembamba kinachobaki kati ya mistari miwili isiyokutana, kompyuta hukiandika kuwa eneo kamili lenye namba yake. Kikiwa pengo, ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kikiwa kulaliana, ina wenyewe wawili. Juu ya skrini ni uzi mwembamba. Ardhini chaweza kuwa jaruba la mtu, na jaruba hilo lilikuwa na jina kabla ya kuwa na namba.

Juu ya istilahi

Kiswahili hakikosi maneno ya kusemea kasoro hizi. Kinachokosekana ni kuyatumia kwa mpango. "Pengo" hudokeza kwamba kuna kitu kilichopaswa kuwapo na hakipo, kama jino lililong'oka. "Mwanya" ni nafasi ya asili kati ya vitu viwili, kama ule wa meno ya mbele, wala haulaumiwi. "Ufa" hutokea katika kitu kilichokuwa kizima. Yafaa basi "pengo" litumike pale ardhi iliyopo haikuchorwa na karatasi yoyote. "Mwanya" pale karatasi zote mbili ni sahihi ila gridi zake zimezitenga, kama kwenye meridiani ya 36. Na "ufa" pale kitu kimoja, mto au barabara, kimekatika mahali pa mshono. Vivyo hivyo "kulaliana" kufae kwa kupandana kulikokusudiwa, kama kwa nyasi za paa na zile safu za ziada, na "kupandana" kuachiwe madai mawili yanayogombea mahali pamoja. Neno "mwingiliano", linalotumiwa na wengi siku hizi kwa mambo yote hayo, halifai, kwani linadokeza kuathiriana, nazo karatasi mbili zinazopandana hazina habari moja na nyingine.

Ni haki pia kusema kwamba wanalugha hawana mikono mitupu ya makosa. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie uliochapwa mwaka 1948, lugha za Kibantu ziligawanywa katika kanda zenye herufi. Kisangu ni G61, Kihehe G62, Kibena G63. Lakini Kisafwa ni M25, na Kinyakyusa ni M31. Mshono wa kanda G na M unapita humu humu, kati ya Usangu na Usafwa, mahali ambapo watu wameoana, wamefanya biashara na kupigana kwa vizazi. Herufi zile ziliwekwa kwa kurahisisha marejeo, lakini wengi wamezisoma kana kwamba ni ukuta. Mtafiti wa kanda G huishia Igawa, wa kanda M huanzia Mbeya, na maneno yanayosemwa katikati hubaki bila mwenyewe. Hilo ni pengo la namna ile ile. Anayemhukumu mpimaji kwa ukingo wake mweupe na atazame kwanza ukingo wa atlasi ya lugha.

Hukumu

Karatasi za 1:50,000 zinastahili heshima. Zilifanywa kwa jasho, kwa vyombo vya wakati wake, na nchi yote imejengwa juu yake: barabara, mabwawa, mashamba ya chai na misitu ya Mufindi. Kasoro ya watunzi wake ni ndogo kuliko kasoro ya waunganishaji wa leo, ambao wamepewa uwezo wa kuona mishono yote na wameutumia uwezo huo kuificha. Ramani iliyounganishwa haina budi kuonyesha mahali ilipounganishwa: mwaka wa kila karatasi, mfumo wa vipimo vyake, na kama mstari umevutwa au umeachwa. Na orodha ya majina haina budi kuhaririwa na wajuao lugha za mahali pamoja na wapimaji. Kila mahali pawe na jina lake rasmi kwa tahajia ya Kiswahili, na chini yake majina na tahajia nyingine zote zilizopata kutumika, kila moja na lugha yake, bila kufutwa hata moja.

Kazi hiyo ya pili ina haraka kuliko ya kwanza. Tarakimu zaweza kupimwa upya mwaka wowote, kwani milima ya Uporoto haiendi popote. Lakini jina la kijito kisichoandikwa katika karatasi yoyote, kwa sababu kilianguka mahali pa mshono, limo vinywani mwa wazee wachache, wala satelaiti haiwezi kulipokea.